Mnawishaji wa Tunu

"Karibu, mama. Lete mikono," alisema Mnawishaji, na Bi Sikudhani akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mimi? Ninawishwe na bati?"

Mnawishaji alikuwa roboti wa kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mkono mmoja ulishika birika, wa pili ulikinga bakuli. Ungemtazama haraka ungedhani kazi yake ni kunawisha wageni kabla ya chakula tu, jambo ambalo watu wa Morogoro wamelifanya tangu enzi na enzi. Lakini maji yake hayakumwagwa. Yalichuruzika hadi chini ya bakuli, yakapita kwenye nyuzi elfu moja nyembamba kuliko unywele, na kila uzi ulifundishwa kutambua aina moja ya kijidudu sugu. Kabla mtu hajamaliza kujifuta, roboti alikwishajua. Aliye salama alipigwa nukta ya kijani kiganjani, inayofutika yenyewe jua likizama.

Aliyemuunda ni Mhandisi Tunu Mkude, ambaye asubuhi hiyo alisimama pembeni huku kijasho kikimtoka. Ndiyo kwanza roboti wake atoke maabara, na hakuletwa kuchezewa. Chumbani, mdogo wake Mwantumu alikuwa amejifungia na binti yake Semeni, aliyetimiza siku arobaini. Ukoo mzima ulikuja kumtoa mtoto nje, na mama mtu ameapa hatoki.

Nani angemlaumu? Miaka minne nyuma, mwanawe wa kwanza alitolewa siku kama hii. Ndugu wakampakata, wakambusu, wakampokezana. Siku ya tatu akatokwa na kipele shavuni. Siku ya nane akazikwa. Madaktari walijaribu dawa saba, na vijidudu vilizinywa zote kama uji.

Balaa hilo watu tulijitakia wenyewe. Nusu dozi tunameza, nusu tunaweka kabatini. Mafua ya mtoto, kidonge cha jirani. Kuku kazubaa, naye tunampa. Vijidudu vikasoma masomo yetu mpaka vikahitimu. Kufikia mwaka 2094 dawa zilizobaki na nguvu zilihesabika kwa vidole, na afya ikarudi kulindwa pale pale nyumbani, kwa maji, sabuni, chanjo na dirisha lililo wazi.

"Dada, akiguswa na mmoja tu mwenye vijidudu, mwanangu nimemuua mwenyewe," Mwantumu alisema nyuma ya mlango.

"Hataguswa. Ndiyo maana nimemleta huyu."

"Na akikosea?"

Tunu akarudi kwa roboti, akazikagua nyuzi zake tena.

Shangazi yao, huyo Bi Sikudhani, ndiye aliyechoka kusubiri. "Mtoto asiyepakatwa na ukoo wake ni wa nani? Wa ukuta? Haya wee bati, nimwagie hayo maji tuone!" Akanawa. Nukta ya kijani ikatua kiganjani, naye akaiinua juu watu wote waione. "Kumbe bado nimo!"

Basi foleni ikasonga kwa vicheko. Kufikia saa tano walinawa watu arobaini na mmoja, na wote wakapata kijani. Hapo mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, likatokea jicho moja la Mwantumu.

"Watu wote hao, hata mmoja hajakataliwa? Dada, hiyo mashine yako inapaka rangi tu."

Kicheko kikakatika. Tunu alijua wageni walijiandaa nyumbani wiki nzima kama alivyowaelekeza, lakini angemthibitishiaje? "Njoo utazame," akasema. "Nanawa mimi mwenyewe."

Maji yakachuruzika bakulini. Kisha roboti akamwomba ainame, akamnong'oneza sikioni, kwa kuwa Tunu alimfundisha kutomwaibisha mtu mbele za watu. "Mhandisi, una vijidudu sugu vya ngozi. Usimguse mtoto."

Moyo ukampasuka paa! Mwezi uliopita koo lilimkereketa. Akapekua droo, akakuta vidonge vilivyobaki vya zamani, akameza vitatu, koo likapona, akaacha. Yeye! Yeye anayepita shule hadi shule kuwakanya watu!

Hakuna aliyesikia. Neno moja la siri kutoka kwake lingempa nukta, na kwa siku arobaini alikuwa akizungumza na mpwa wake kupitia ubao wa mlango, akiililia siku ya kumpakata.

"Amenikataa," alisema.

"Astaghfirullah!" Bi Sikudhani alishika kifua. "Si wewe uliyemtengeneza? Mwamrishe akupige hiyo nukta, pilau inapoa."

"Naweza, shangazi. Sitaki. Nilimeza vidonge vya kabatini, dozi sikuimaliza. Kosa ni langu." Akapita katikati ya watu, akatoka uani peke yake.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka wote.

"Kama amemkataa mwenyewe aliyemuunda," Mwantumu alisema, "basi hao aliowakubali ni salama kweli." Akamweka Semeni mikononi mwa Bi Sikudhani.

Lo, nyumba ililipuka! Vigelegele, makofi, mtoto anapita mkono kwa mkono, na kila mkono una kijani. Niwaambie mapema, wala msiwe na wasiwasi: siku ya nane ilipita Semeni hana hata kipele, ya thelathini ikapita, na kabla ya mwaka kwisha wanawishaji kama yeye walisimama kwenye milango yote ya mtaa ule.

Lakini siku ile Tunu alikuwa uani, karibu na tangi la maji, na mfukoni chupa ya walabakteria aliyoileta kwa ajili ya watakaokataliwa. Hivyo ni virusi vidogo visivyomdhuru mtu, chakula chao ni bakteria. Angejipaka wiki sita ndipo asafike.

Mwantumu akamfuata na mtoto. Hatua nne kabla ya kumfikia akasimama, akafunua khanga usoni pa Semeni.

"Mama yako mkubwa huyo, mwanangu. Kwa leo mtazame tu."

Semeni akapiga chafya. Tunu alifumbata mikono yake nyuma ya mgongo, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote vya siku ile.