Diski Iliyotolewa Ikiwa Nzima

Waliokuwepo siku kabati la diski lilipowashwa ni hawa. Alikuwepo Bosi, mama mwenye miwani ya kamba, mkuu wa idara ya kumbukumbu za hospitali. Alikuwepo Karani, mtu wa mzaha, aliyepokea picha za eksirei na kuziingiza kwenye kompyuta. Alikuwepo Mama Ufagio, aliyesafisha vyumba vyote vya chini na kujua siri za vyote. Alikuwepo Pacha, fundi, ambaye hakupewa jina hilo kwa kuzaliwa wawili bali kwa kutoonekana popote bila rafiki yake. Na alikuwepo huyo rafiki yake, fundi mkuu, aliyeitwa Taratibu. Hakuwepo mwingine.

Diski zilikuwa tano, nazo zilifanya kazi kama diski moja. Hazikuendeshwa kwa kubofya vipicha. Ziliendeshwa kwa amri zilizoandikwa herufi kwa herufi kwenye skrini nyeusi, na aliyekosea herufi alijuta. Taratibu aliwaeleza wenzake jinsi zinavyoishi: kila diski hubeba mzigo wake pamoja na kipande cha mizigo ya wenzake. Ikifa moja, huwekwa mpya mahali pake, na zile nne huijaza kwa kile zinachokumbuka.

"Kama watu wanavyokaa matangani," alisema Karani. "Kila mtu na habari zake za marehemu."

Skrini ilitaka kila diski ipewe jina. Taratibu hakupenda kitu kiitwe namba ikiwa kinaweza kuitwa jina, akasema wazipe majina yao wenyewe.

"Yangu isikae jirani na ya Bosi," alisema Karani. "Itatumwa chai mchana kutwa."

"Na yangu msiitwishe mizigo ya watu," alisema Mama Ufagio. "Ya kwangu yanitosha."

Wakacheka. Kila mmoja aliandika jina lake kwa mkono wake kwenye karatasi ndogo na kuibandika kwenye diski yake. Mama Ufagio ndiye aliyeacha kucheka kabla ya wenzake. Alisema diski yake ilikuwa na joto. Umeme ulikuwa bado haujawashwa.

Mwaka ulipita kwa amani. Kisha asubuhi moja taa ya diski ya Karani ikawa nyekundu. Taratibu aliandika amri ya kuitangaza mbovu, akaandika amri ya kuitoa, na Pacha akaichomoa. Ghorofa ya juu, dirishani pa mapokezi, Karani akaanguka na bahasha ya picha mkononi.

Madaktari walimpima, wasione ugonjwa. Alilala macho wazi, asijibu, muda wote diski mpya ilipokuwa ikijazwa. Ilipojaa, alipiga chafya akauliza kama chai imeshaletwa.

Kila mtu alifurahi, isipokuwa mke wake. Siku chache baadaye aliteremka ngazi mpaka chumba cha mashine, akasimama mlangoni.

"Mmemfanya nini baba watoto wangu?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Anatania kama zamani. Anakumbuka jina la paka wa Bosi wenu. Lakini watoto wake anawaita 'wewe mkubwa' na 'wewe mdogo'. Majina yao hayajui."

 Miaka yote ile Taratibu, mpenda majina, hakuwahi kumuuliza Karani watoto wake wanaitwa nani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza.

Mama yule alipoondoka, Taratibu alimnong'oneza Pacha. "Kilichorudi ni kile tulichokuwa nacho sisi, tena kile tulichokubali kukitoa. Kingine kimekwenda na diski."

Pacha alikuwa mwepesi wa kucheka. Safari hii hakucheka.

"Ile ilikuwa mbovu, kaka," alisema. "Je, diski nzima inaweza kutolewa?"

"Ukiiandikia amri, hata nzima inatoka."

Pacha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

Haukupita muda, picha za wagonjwa wa mifupa zikapotea, kundi zima. Mtu alikuwa ameandika amri ya kufuta. Lawama ikamwangukia Karani, kwa kuwa picha zilipitia kwake, naye hakuweza kujitetea. "Kama mnasema ni mimi, huenda ni mimi," alisema. "Kichwa changu siku hizi si changu." Bosi akaamua kumfukuza kazi mwisho wa wiki.

Jioni hiyo Pacha alikula nyumbani kwa Taratibu, kama alivyokula mara nyingi. Mke wa Taratibu alipotoka kuleta maji, Pacha aliinama juu ya sahani.

"Ni mimi, kaka. Niliandika amri kwenye kundi silo. Mkono uliteleza."

"Na Karani?"

"Karani hakumbuki chochote. Hatapata uchungu."

Taratibu aliweka kijiko chini. "Ana watoto ambao hata majina yao tulimpotezea. Sasa na mkate wao? Kesho asubuhi tunakwenda kwa Bosi, mimi na wewe. Utasema mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi."

Pacha alisukuma sahani kando. Kisha akaushika mkono wa rafiki yake kwa mikono yake miwili. "Ahsante, kaka. Umenitua mzigo." Alimshukuru shemeji yake kwa chakula, akaondoka. Taratibu alilala moyo mweupe. Alijua kwamba rafiki yake ameteleza, lakini hakuanguka.

Asubuhi aliwahi kazini. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alichungulia kwenye kioo.

Pacha alikuwa ameketi mbele ya skrini nyeusi. Aliandika kwa vidole viwili, akisoma kila herufi kabla ya kuendelea, vilevile kama Taratibu alivyomfundisha. Kwenye kabati taa zote zilikuwa za kijani. Zote. Juu ya skrini, mwisho wa amri, lilikuwepo jina moja.

Taratibu aligonga kioo.

Pacha aligeuka. Hakushtuka wala hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama abiria kwenye basi lililokwisha kuondoka. Midomo yake ilifanya neno moja, neno la kuomba msamaha. Kisha akabonyeza kitufe.

Taa moja ikazimika.

Taratibu akaanguka mlangoni. Sauti ya mama yake ikamtoka kichwani, ile aliyoimbiwa akiwa mgongoni. Njia ya kwenda shule ikatoka. Harufu ya chumba cha harusi yake ikatoka. Alitafuta jina la mke wake. Alilishika. Likachomoka. Alichobaki nacho mwisho ni uso ule nyuma ya kioo, na kujua. Kisha kujua nako kukatoka.

Alipofumbua macho, diski mpya ikiwa imeshajazwa, alikuwa kwenye benchi la idara. Mtu alikuwa amempakata kichwa, akimnywesha maji kidogo kidogo.

"Unanijua?" aliuliza yule mtu.

"Pacha," alisema Taratibu, na moyo wake ukajaa furaha. "Rafiki yangu."

Bosi alifuta miwani yake. "Uliniambia jana jioni kwenye simu kwamba mtakuja kwangu asubuhi. Mlikuwa na neno gani?"

Taratibu alifikiri. Alimtazama Pacha.

"Sikumbuki."

"Ni la likizo tu, Bosi," alisema Pacha. "Halina haraka."

Mwisho wa wiki Karani alifukuzwa. Taratibu alimpa mkono mlangoni, akamshauri aendako awe mwangalifu zaidi. Karani akamtazama kwa muda mrefu, bila mzaha.

Pacha ndiye aliyekuwa amemwongoza Taratibu nyumbani siku ile ya kuanguka. Mwanamke alifungua mlango. Alikuwa na kovu la moto kwenye kifundo cha mkono, naye Taratibu hakujua limetoka wapi. Alimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mke wa mtu.

Jambo moja alilijua juu ya mke wake. Alijua kwamba ni redio, hazimiki mpaka usiku. Ule ndio utani alioupenda kuusema ofisini, miaka nenda miaka rudi, na wenzake walikuwa wameutunza. Kwa hiyo alimwogopa kidogo. Alimsubiri aanze kelele. Mwanamke hakusema neno. Alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama, machozi yakimdondokea kovuni.

Ijumaa Mama Ufagio alikuja na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Nimekiokota kwenye pipa la taka," alimwambia mke wa Taratibu, sauti ya chini. "Kina jina lake, kwa mwandiko wake. Kishike, mwanangu. Kina joto."

Mwanamke alikifungia kwenye kabati la nguo.

Jumamosi asubuhi Taratibu alikuwa sebuleni akinywa chai isiyo na sukari, kama ofisi nzima ilivyojua kwamba anapenda. Akasikia mke wake anazungumza chumbani, polepole. Akatabasamu. Redio imewashwa, alijisemea.

Kisha akasikia jina. Lilikuwa jina fupi, la watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Hakuwahi kulisikia. 

"Ni nani aliyekutoa?" aliuliza mwanamke.

 Halafu, ndani ya kabati la nguo, kitu kikaanza kuzunguka. Kilianza taratibu, kikapata mwendo, kikavuma kama diski iliyo kazini. Taratibu alisimama mlangoni. Hapakuwa na waya ulioingia kwenye kabati lile.

Mvumo ukakatika ghafla. Chai ilikuwa bado haijapoa simu ilipoita.

Alikuwa Bosi. Taratibu alisikiliza, akakaa sakafuni, akalia kama aliyefiwa na ndugu wa tumbo moja. Mke wake alibaki amesimama, mkono juu ya mlango wa kabati, asimfuate.

Pacha alikuwa amefariki dakika ile mvumo ulipokatika, mbele ya skrini. Diski yake ilikuwa nzima, na taa yake ilikuwa ya kijani.