Tangi la Chini

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi la Logan, kusini mwa Brisbane, lilifurika watu. Mlangoni foleni ya wanunuzi wa soseji za kuchoma ilifika hadi kwenye magari. Ndani, kwenye safu ya mabomba, Corinne Hadley alisimama na sare yake ya hospitali, doa la kahawa kifuani, macho mazito kwa zamu mbili mfululizo. Alikuwa anajaribu kuchomeka kiungo cha bomba ndani ya kingine, kwa hasira.

"Hivyo haviingiliani hata ukiviombea," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Msamoa, mabega mapana, fulana ya kazi ya rangi ya chungwa, magoti yamejaa vumbi la saruji.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila mimi fundi bomba, naumia nikiona."

Corinne akacheka bila kutaka, kisha akajikuta anaeleza. Baba yake, Mzee Clive, alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, akapoteza usemi, na mkono wa kulia ukapooza. Kilichombakia ni tangi lake la samaki wa baharini. Alilikodolea macho kutwa. Sasa maji yalikuwa yanachafuka na samaki wawili walishakufa. Corinne aliambiwa kichujio kidogo cha tangi hilo hakifai tena. Anahitaji tangi la pili, chini kabatini, maji yashuke, yachujwe, pampu iyarudishe juu.

"Samaki wakiisha, baba atabaki anatazama ukuta," alisema.

Yule mtu akavirudisha viungo kwenye rafu. "Naitwa Sefa. Una kalamu?"

Jioni ile alichora tangi la chini mezani, nyumbani kwa Corinne, juu ya mfuko wa karatasi wa mkate. Aliligawa vyumba vitatu. Chumba cha kwanza sponji, ya kunasa uchafu. Cha pili vijiwe vyenye matundu. Cha tatu pampu.

"Sasa niambie, bosi. Umeme ukikatika?"

"Pampu inasimama."

"Na maji?"

Corinne akafikiri. "Yanaendelea kushuka."

"Mpaka ya tangi la juu yafike chini ya mdomo wa bomba. Kwa hiyo tangi la chini halijazwi, libaki na nafasi ya kuyapokea. Nitabandika utepe mwekundu hapa. Maji yasiuvuke, hata kidogo."

Kazi ilichukua Jumamosi nne. Sefa alikata vioo, akavigandisha kwa gundi ya silikoni, nyumba nzima ikanuka siki. Katikati ya juma simu zikaanza.

"Fundi, silikoni imekauka?"

"Umepiga kuuliza silikoni, au umenikumbuka?"

"Silikoni."

"Basi haijakauka. Nakuja kuiangalia."

Siku maji yalipozunguka kwa mara ya kwanza, Mzee Clive aliinua mkono wa kushoto akaufuata mkondo kwa kidole. Corinne alimbusu Sefa shavuni, palipokuwa na gundi.

Novemba ikaja na dhoruba. Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Corinne aliporudi kutoka kazini alikuta zulia limelowa, na baba yake kitini, ndara zake zikiwa ndani ya maji ya chumvi, anatetemeka. Mlezi wa mchana alikuwa ameshaondoka.

"Uliniambia halitafurika!" alipiga kelele kwenye simu.

"Corinne, ule utepe..."

"Usiniambie habari za utepe! Baba yangu amekaa ndani ya maji! Nilikuwa sawa bila mtu. Usije tena, Sefa."

"Sawa," Sefa alijibu.

Siku tisa hazikuwa na simu. Corinne alikausha zulia, akaenda zamu, akarudi, akambadilisha baba nguo, akaenda zamu.

Asubuhi ya siku ya kumi, kabla ya kazi, alichukua ndoo kuongeza maji ya tangi la chini, yaliyopungua kwa joto. Alimimina huku anasinzia. Alipofumbua macho vizuri, maji yalikuwa vidole vinne juu ya utepe. Asubuhi ya siku ya dhoruba pia alikuwa amemimina hivihivi. Alikaa sakafuni akalia, kisha akapiga simu.

"Sefa, ni mimi niliyejaza."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipigia. Maji hayakuwa na njia nyingine ya kufika kwenye zulia."

"Na ukanyamaza?"

"Nilianza kusema ukanikatiza. Halafu nikaisikia sauti yako. Ulikuwa umechoka mno, mtu wangu. Ningeshinda ugomvi halafu iweje?"

"Nisamehe, mpenzi." Hakuwahi kumwita hivyo.

Sefa alikuja Jumapili kutoka kanisani, shati jeupe, lavalava ya bluu, lile shuka la Kisamoa, kiunoni, sufuria ya majimbi ya nazi mkononi.

"Nina ombi," alisema mlangoni. "Si pete. Pete itakuja."

"Ombi gani?"

"Nipe Jumanne na Alhamisi. Nimwogeshe Mzee, nimlishe, niangalie maji. Wewe ulale."

"Utachoka, Sefa. Hujui."

"Bibi yangu nilimlea miaka sita mpaka anazikwa. Najua vizuri."

Corinne alitaka kubisha. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa anaitazama sufuria.

"Leo Jumapili," alisema mwishowe.

"Basi tuanze leo."

Corinne alijitupa kitandani na viatu. Kupitia ukuta alimsikia Sefa akimsimulia Mzee habari za raga, na vijiko vikigongana. Alikumbuka hakumwambia saa ya dawa. Alitaka kuinuka. Kabla hajashusha mguu, usingizi ukamchukua.