Jibu la Bi Sikudhani

Vidudutiba elfu tisa, vijimashine vya tiba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi, vilikuwa vikizunguka tumboni mwa Bi Sikudhani, vikitafuna saratani ya ovari chembe kwa chembe. Kichwani mwa kitanda, mashine iitwayo Mwandani ikamwuliza, kama kila asubuhi:

"Shikamoo, bibi. Maumivu yakoje leo?"

"Marahaba. Sijambo, alhamdulillahi."

"Vizuri sana," ikasema Mwandani, ikapunguza dawa ya maumivu.

Muuguzi bingwa Nuzulati alikuwa mlangoni. Akaona vidole vya bibi vimekamata shuka mpaka vimekuwa vyeupe. Lo! Sijambo gani hiyo? Vidudutiba vilipima kila kitu mwilini isipokuwa maumivu, maana hayo huyajua mwenyewe mgonjwa. Ndipo Mwandani ikapewa kazi ya kuuliza. Na aliyeifundisha maana ya majibu ni nani? Ni Nuzulati huyuhuyu! Kila mama aliyesema hajambo, yeye aliandika: hana maumivu. Mtu mzaliwa wa Pangani, jamani, ambako hata aliye mahututi huitikia salamu kwa neno la heri kwanza!

Akaketi kitandani. "Bibi, mimi sikuamkii, nakuuliza. Jana ulilala?"

Bi Sikudhani akatazama ukutani. "Sijafumba jicho siku ya nne leo, mwanangu. Huku chini kunachoma, utadhani nimekalia makaa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kaniamkia kwa heshima zake, mimi nimmwagie shida zangu? Si kukosa adabu huko?"

Nuzulati akaongeza dawa kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimtoka. "Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyeifundisha."

"Kumbe ni mwanao! Umemlea vizuri, basi tu hana macho."

Wakacheka wote wawili, Nuzulati akikisugua kiganja cha bibi taratibu mpaka vidole vikaachia shuka. Uso wa bibi ukalegea.

"Na wenzangu je?" akauliza bibi.

Nuzulati akafungua orodha ya Mwandani kwa mkono mmoja, wa pili ungali umeshika wa bibi. Wanawake mia mbili na sita, katika wodi zote za Tanga, walikuwa wamejibu hawajambo asubuhi ile. Wote walikuwa wamepunguziwa dawa.

Bi Sikudhani akauondoa mkono wake polepole.

"Sasa bado umenishika ya nini? Inuka, mama. Anza na huyo wa chumba cha pili. Nimemsikia akilia."