Nilivyokuwa Mzimu wa Nekesa

Magharibi ilikuwa inaingia nilipobeba kioo cha dirisha kutoka kwa fundi pale Matisi hadi stoo ya Naim. Mwaka ulikuwa 2006. Wimbo niliutunga mimi, Nabwile, nikaufanyia mazoezi miezi minne. Halafu Naim, mpiga video wa wasanii wa Kitale, akaamua auimbe rafiki yangu Nekesa. Ati ana sura ya kamera. Mimi nikapewa kazi ya mzimu.

Roho iliniuma. Sifichi.

Naim hakutaka ujanja wa kompyuta. Alisimamisha kioo kimshazari mbele ya kamera, Nekesa akakaa kitini nyuma ya hicho kioo. Mimi nikawekwa kando, gizani, na gauni jeupe. Naim akiondoa kadibodi kwenye taa yangu, sura yangu inadakwa na kioo, na kwenye kamera naonekana nimesimama nyuma ya Nekesa. Akirudisha kadibodi, natoweka.

"Usisonge. Mikono chini," alininong'oneza.

"Si ni sawa tu, bana."

Redio ya kaseti ikawashwa, ikatoa ala za wimbo. Nekesa akaimba kuifuatisha, na wimbo wangu ukamtoka mtamu kuliko nilivyowahi kuuimba. Nikamkazia macho shingoni. Koo lilipanda, likashuka. Nikatamani lizibe... lizibe kabisa.

Naim akafunika taa.

"Nabwile, toka sasa."

"Nimeshatoka," nikasema. Nilikuwa mlangoni.

Harufu ya nywele zilizoungua...

Kwenye kioo, mwanamke wa gauni jeupe alikuwa bado nyuma ya Nekesa. Mikono yake haikuwa chini.

Ilikuwa shingoni.

Nekesa akakohoa mara moja. Wimbo ukaendelea redioni bila yeye.

Tuliitazama kanda mara tatu. Mzimu haukuonekana popote, ila Nekesa tu, akijishika koo. Naim akasema labda ni mwanga wa nje uliotuchezea. Hakuniangalia aliposema hivyo.

Siku ya nne Naim alinipigia simu nikiwa kwetu Bumula. Akasema Nekesa hana sauti hata ya kuomba maji. Jumamosi, kwenye uzinduzi wa wimbo Bungoma, nitaimba mimi.

Sijakata simu vizuri, mamake Nekesa, jirani yetu, akaingia na kikombe cha maji. Mama mzima akanipigia magoti.

"Mwanangu, sijakuja kugombana," akanong'ona. "Nyanya yako alikuwa na hii jicho. Akiangalia mtoto wa mtu kwa wivu, mtoto anagonjeka. Lakini alikuwa anaitwa, anatema mate kwa maji, mtoto anakunywa, anapona. Tema tu, tafadhali. Nekesa akunywe."

Nikashika kikombe. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, nami nikamhurumia, haki ya Mungu nikamhurumia. Kisha nikamwaza Nekesa jukwaani, na wimbo wangu mdomoni mwake.

Mate yakanijaa kinywani.

Nikameza.

"Mdomo umenikauka, mama," nikamwambia, nikamrudishia kikombe.