Talaka ya Kivukoni

Asubuhi kivuko cha Likoni hakimjui mkubwa wala mdogo. Kuli na tajiri, mwari na mke wa mtu, mbuzi na mwenye mbuzi, wote hubanwa pamoja mpaka ng'ambo. Hapo ndipo Matano, mshika winchi wa bandarini Kilindini, alipolikanyaga pindo la buibui la mwanamke asiyemjua. Ulikuwa mwaka wa arubaini na sita, vita vimekwisha na watu wamejifunza kucheka tena.

"Kaka, umenishika," mwanamke alisema bila kugeuka.

"Mimi? Mikono yangu hii hapa, mitupu."

"Sikusema mikono. Tazama kiatu chako."

Matano akatazama chini. Kiatu chake cha kazi, kizito na kimelowa mafuta ya mashine, kilikuwa kimelalia lile pindo jeusi, na juu kidogo palichungulia leso nyekundu na kifundo cha mguu kilichotiwa hina. Angeuondoa mguu mara moja, lakini shetani wa kivukoni ana kazi yake.

"Msemo huo si wa kwetu. Wewe mtu wa Unguja?"

"Na mguu huo wa wapi, usiosikia?"

Watu wakaangua kicheko. Nyevu, muuza machungwa aliyekuwa jirani yake Matano, alicheka mpaka kapu likamtoka kichwani. "Matano, leo umepata wa kukujibu!" Mwanamke akageuka hatimaye. Juu ya ukaya yalionekana macho mawili yaliyopakwa wanja, makali na yenye kucheka, na Matano akausahau mguu kabisa.

Jina lake Mwanasaumu. Alikuja Likoni kumtembelea shangazi yake, Bi Mwanatatu, na alikuwa akivuka kila asubuhi kumnunulia dawa mjini. Tangu siku ile Matano hakukosa safari yake. Alimletea ubani, alimletea karanga, alimletea maneno, na Mwanasaumu akayapokea yote kwa jicho la pembeni. Bi Mwanatatu alipoona dawa inamalizika upesi kuliko ugonjwa, alimwita yule kijana. "Ukimtaka, baba yake yuko Unguja. Mimi si walii wake wa kumwoza. Panda meli ukaseme."

Matano akapanda meli. Baba yake Mwanasaumu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Ndoa ilifungwa Unguja, mbele ya kadhi wa Unguja, na mzee alipomshika mkwewe mkono alimwambia, "Unavuka naye maji. Huko ugenini hana ndugu mwanamume ila wewe." Matano akaitikia kwa moyo wake wote, na wakati ule alisema kweli.

Waliishi Likoni katika nyumba ya udongo yenye ua mpana, na miezi ya mwanzo ilikuwa tamu hata Nyevu, kule upande wa pili wa ukuta, alikuwa akikohoa kuwakumbusha kuwa ana masikio. Tatizo lilikuwa moja. Mtu aliyempata mke kwa maneno ya kivukoni huyaogopa maneno ya kivukoni. Siku moja Mwanasaumu alivuka na shangazi yake kwenda sokoni, na habari ikamfikia Matano kwamba mkewe alionekana akicheka.

"Nani alikuwa akikuchekesha jana?"

"Mzee muuza kahawa. Hana hata meno, bwana."

"Meno ya nini? Mimi nilikupata kwa meno?"

Mwanasaumu akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwasha Matano. Alisimama, kidole juu. "Wallahi, Mwanasaumu, ukikipanda kivuko kile bila mimi ubavuni, umeachika!"

Matano akatoka, akarudi na sahani ya halua, na jambo lile hakulitaja tena. Wanaume wengi hudhani halua hufuta neno. Mwanasaumu alikuwa mtoto wa mwalimu, amekua akisikia watu wakija kwa baba yake kulia juu ya viapo vyao, na alijua kuwa talaka iliyofungwa kwa sharti haina wa kuifungua. Hungoja sharti lake. Basi akatulia nyumbani, na sokoni akawa anaendewa na Bi Mwanatatu.

Mwaka wa arubaini na saba, msimu wa Hija, mtoto wa ami yake, aliyefika na meli kutoka Unguja, alibisha hodi adhuhuri, jasho linamtoka. "Saumu, mama yako yuko bandarini! Amepata nafasi ya kwenda Makka, meli yao inang'oa nanga alasiri. Anasema asikuondokee bila kukuona."

Mwanasaumu akajitupia buibui, akakimbia. Kufika kivukoni miguu ikagoma. Ofisini kwa karani palikuwa na simu ya ukutani, akaomba apigiwe bandarini, amtafute mumewe. Karani akazungusha mpini, akauliza, akasikiliza, akatabasamu.

"Bibi, wasema leo wako kina Matano sita. Wako yupi?"

"Mrefu."

"Wasema wote warefu."

Simu ikakatwa. Kivuko kilikuwa kimeshapiga honi. Angeweza kurudi nyumbani, na alilijua hilo. Lakini mama alikuwa mzee, na wapo waendao Makka wakazikwa huko huko. Hakulazimishwa na mtu, wala hakusahau. Aliutia mguu kivukoni akijua, na maji yalipoanza kupita ubavuni alilia chini ya ukaya mpaka ng'ambo, kwa sababu alikuwa hana mume tena.

Huko gatini alitembea kwa kujibanza, maana ndiko alikofanya kazi Matano. Mama yake alinukia udi na nguo mpya. Wakakumbatiana, wakaombana radhi, kisha mama akamshika kidevu. "Mumeo amekupa ruhusa?"

"Amenipa, mama."

"Mungu amlipe kheri. Nitawaombea nyinyi wawili mbele ya Kaaba."

Hilo ndilo lililomkata maini. Mama yake anakwenda kuiombea ndoa iliyokwisha kufa njiani, na mwanawe amemdanganya akiwa mguu mmoja melini.

Matano alirudi jioni ile amebeba samaki wawili wa changu, anaimba. Alikuwa na furaha kupita kiasi. Alimtania, alimwita kipenzi, alimwita nuru ya macho, akapika mwenyewe. Mwanasaumu hakumwambia, na usiku hakumkatalia. Kulipokucha alijiona mchafu hata maji ya kisima chote yasingetosha.

Tangu siku ya pili alitandika mkeka wake mbali. Leo tumbo, kesho kichwa, keshokutwa mgongo. Kisha akaanza kujifunga leso kichwani hata ndani ya nyumba, kama mwanamke aliyebishiwa hodi na mgeni.

"Wanifunikia nywele?" Matano aliuliza. "Mimi nani humu, mpangaji?"

"Ni baridi, bwana."

"Baridi, Likoni?"

Alimtazama muda mrefu, akaukunja uso, na tangu hapo hakuuliza tena. Hilo ndilo lililomtisha Mwanasaumu. Mume asiyeuliza ana jibu lake mahali pengine. Akaanza kuchelewa kurudi, akila kidogo na kusema kidogo zaidi. Mwanasaumu akawaza kuwa yuko mwanamke Changamwe au Kisauni, kisha akajicheka kwa uchungu. Atamwonea wivu kwa haki gani? Hakuwa mkewe.

Na eda ilikuwa inakwenda. Ikiwa bado eda, neno moja tu la Matano lingemrudisha. Ikimalizika, atakuwa mwanamke wa watu, hana budi kufunga virago arudi Unguja kwa baba, na akitakiwa tena iwe posa mpya na ndoa mpya. Kila asubuhi alijiapiza kusema, na kila jioni alimwandalia chakula akanyamaza. Alijua akisema ataonekana mwasi. Alijua pia akinyamaza ataipoteza nyumba. Alimpenda yule mwanamume wa kiapo na kidole juu, na hapo ndipo palipokuwa na adhabu yake.

Eda ilipokuwa ukingoni, Nyevu alikuja uani, wakawa wanamenya machungwa pamoja.

"Shoga, una nini wewe? Umekonda kama ufito. Tangu siku ile ya meli ya mahujaji sijakusikia ukicheka."

Kisu kikamtoka Mwanasaumu. "Siku gani?"

"Si ile niliyokuona kivukoni unalia? Jioni nikavuka na Matano, nikamwambia, bwana wee, mkeo nimemwona leo kivukoni, kuna msiba? Hakunijibu, akapita kama upepo. Hakukwambia?"

"La," alisema Mwanasaumu. "Hakuniambia."

Kumbe alijua! Alijua siku ile ile, akaja na samaki na nyimbo. Basi alikuwa akingoja nini? Mwanasaumu hakuona jibu ila moja: angoja eda iishe, aachane na mke wa ng'ambo bila hata kuchafua kinywa. Lakini kosa la kwanza lilikuwa lake, na hakutaka kuondoka Likoni amelibeba.

Matano aliporudi kutoka sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, kofia mkononi, alimkuta mkewe amesimama katikati ya ua.

"Matano, nilipanda kivuko."

Mwanamume akasimama.

"Nilipanda bila wewe, nikijua. Mama alikuwa anakwenda Hija, nilitaka kumwona. Nikamwambia umenipa ruhusa. Nikakuficha, nikalala nawe usiku ule nikijua mimi si halali yako. Yote hayo nimeyafanya mimi. Sasa kama waniacha, niache kwa kinywa. Usiniache kwa kungoja."

"Nani akuache?" Sauti ya Matano ilikuwa nyembamba kuliko alivyoizoea. "Mwanasaumu, mimi nilikurejea siku ile ile."

"Nini?"

"Nyevu aliponiambia sikuja nyumbani. Nilikwenda msikitini mbio, nikamshika shehe na muadhini wakawa mashahidi. Nikasema, nimemrejea mke wangu. Jua halijatua. Ndipo nikanunua samaki, nikaja. Wewe ni mke wangu, hujaacha kuwa mke wangu ila saa chache tu."

Mwanasaumu akakaa chini, pale pale mchangani. Mzigo alioubeba msimu mzima ulimwanguka mara moja, na chini ya mzigo akakuta hasira.

"Usiku ule ulijua?"

"Nilijua."

"Ukalala usingizi wako. Na mimi nikalala nikidhani nazini."

Matano akaizungusha kofia mikononi.

"Na leso kichwani? Na mkeka? Ulikuwa ukiniona nakaa eda isiyokuwapo, ukala chakula changu ukanawa mikono?"

"Mwanzo nilingoja uniambie mwenyewe. Nilitaka nijue kama utanificha." Alijipangusa uso kwa kofia. "Ulipojifunika kichwa nikajua wateseka, nikaona haya. Nitasemaje kuwa nilikutazama tu? Kila siku niliyonyamaza, ya kesho yake ikawa nzito zaidi. Baba yako aliniambia huna ndugu huku ila mimi, na mimi ndiye niliyekuwa adui yako ndani ya nyumba. Nimekosa, muhibu wangu. Kiapo nilikosa, na kimya nimekosa zaidi."

Alipiga magoti, kanzu nyeupe mchangani, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Mwanasaumu aliyatazama. Angetaka kumchukia siku ile, lakini ilimshinda. Nusu ya kosa ilikuwa yake na aliijua nusu yake vizuri.

"Niliolewa Unguja, Matano, nikaulizwa mara tatu kama nimekubali. Huku ugenini nimeachwa sikuulizwa, nikarejewa sikuambiwa."

"Sasa nakuuliza. Wanitaka?"

Mwanasaumu aliinuka, akajikung'uta mchanga. Akaingia ndani, akatoka na mkeka aliokuwa akilalia peke yake, akauweka mikononi mwake.

"Utalala barazani. Utakaa eda."

"Mwanamume hakai eda, Mwanasaumu."

"Aliyeoa kwao hakai. Aliyeoa kwetu atakaa."

Upande wa pili wa ukuta Nyevu alikohoa. Matano akauangalia mkeka, akauliza kwa upole, "Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotaka kukurudia."

"Na nitajuaje kama umenirudia?"

Mwanasaumu aliifungua leso kichwani, akaitupa begani, nywele zake zikaonekana kwa mara ya kwanza tangu siku zile.

"Nitakwambia," alisema. "Mimi nikimrudia mtu, humwambia."