Asiyejibu Hajakataa

Ujumbe wa hoteli ulisema watoto watatu. Unaisi aliusoma kwenye simu mikono ikiwa bado na unga, akausoma tena, akacheka. Watoto wake walikuwa wawili, Laisani wa miaka kumi na Emosi wa miaka sita, na aliyewazaa hawezi kukosea idadi.

"Watu wa mjini Suva hao," alimwambia mumewe, Sevanaia. "Unawaandikia wawili, wao wanasoma watatu. Shule wamesoma, macho hawana."

Angejua, asingecheka. Lakini nyumba ile ilikuwa na furaha, na penye furaha nani anasikiliza? Safari ya mjini ilikuwa imengojewa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza kimbunga, wa pili msiba, wa tatu Sevanaia akavunjika mguu. Sasa shule zimefungwa, tiketi za meli zimekatwa, na kila jioni chakula kililiwa kwa mipango. Laisani alitaka sinema. Emosi alitaka lifti. Hakuwahi kuiona, ila alishaamua kuipanda mpaka alale humo humo, na alizihesabu ghorofa kwa vidole, akianzia gumba lake lenye kovu la mbuzi ya kukunia nazi.

Ubaya wenyewe ulianza jioni nne kabla ya ujumbe ule. Kwetu huku kisiwani Vanua Levu mlango haufungwi watu wakila. Anayepita njiani lazima aitwe: njoo ule. Naye, hata kama tumbo limeshikana na mgongo, hujibu: ahsante, kuleni. Kisha anapita zake, na kila mtu analala na heshima yake. Emosi ndiye alikuwa haielewi desturi hiyo. Akiitwa anaingia, anakaa, anakula hadi kichwa cha samaki cha mwenye nyumba. Siku moja Unaisi alimfinya mbele ya jirani mpaka machozi yakamtoka.

"Unanitia aibu," alimwambia. "Ukiitwa, unasema ahsante, kuleni. Halafu unapita. Umesikia?"

Emosi alisikia. Tangu siku hiyo hakukosea tena, na mama yake alimsifia kwa majirani.

Basi jioni ile walikuwa mkekani, magimbi na samaki wa tui mbele yao, watoto wakibishana nani atabonyeza kitufe cha lifti. Kwa pembe ya jicho Unaisi akaona mtoto amesimama njiani. Hata kichwa hakuinua.

"Njoo ule," aliita. Na kwa vile moyo ulikuwa mweupe, akaongeza la utani. "Jumatatu tunakwenda Suva, hotelini. Twende wote."

Mama mkwe wake, Bibi Ateca, aliacha kutafuna. "Nani huyo?"

"Mtoto tu, Mama."

"Wa nani?"

"Sikumwangalia."

"Amejibu nini?"

Unaisi akafikiri kidogo. "Hajajibu."

Bibi aliliweka gimbi lake chini. "Asiyejibu hajakataa," alisema. Njiani hapakuwa na mtu, ila upepo uliingia na harufu ya tope la mikoko, na mikoko iko mbali, ng'ambo ya kilima.

Kwa hiyo ujumbe wa watoto watatu ulipofika, Bibi hakucheka. Unaisi alipiga simu hotelini kuusahihisha, na msichana wa mapokezi akashangaa.

"Lakini mama, si jana ulipiga mwenyewe ukasema watatu? Hata mwanao niliongea naye. Aliuliza kama kitanda chake kitakuwa karibu na dirisha."

"Mwanangu yupi?"

"Hakujitaja. Alikuwa anakula, nikawa namsikia anatafuna tu."

Unaisi alikata simu. Jioni hiyo Bibi Ateca alimkalisha jikoni, akasema naye kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Dawa ipo, na ni ndogo. Vunja safari. Aliyealikwa safari isiyokuwepo hana pa kwenda, atarudi kwake. Ukisafiri, umemchukua. Na akishakaa kwenye mkeka wako, Unaisi, kuna mmoja atasimama ampishe."

"Mama, watoto wamengoja miaka mitatu."

"Wangoje wa nne."

"Emosi hata halali kwa ajili ya hiyo lifti. Nimwambie nini?"

"Mwambie mama yako ana mdomo mrefu."

Maneno hayo yalimchoma Unaisi, nami sitamtetea. Alikasirika kama mkwe anavyokasirika, kimya kimya, na Jumatatu akapanda meli na mumewe na watoto wake. Safari nzima mzigo mmoja ulikuwa ukilowa, na kila akiufungua nguo zilizomo zilikuwa kavu.

Hoteli ilikuwa nzuri kuliko picha. Chumba cha ghorofa ya tano kilikuwa na vitanda vidogo vitatu. Cha tatu kilikuwa dirishani, na shuka lake lilikuwa limebonyea katikati, majimaji, lenye harufu ile ile. Unaisi alilikunja akalitupa bafuni. Sevanaia alisema bomba linavuja. Asubuhi mhudumu akaleta sahani tatu za watoto, Unaisi akairudisha moja, na walipomaliza kula sahani zilikuwa tatu, zote zimelambwa.

Emosi hakujali. Alipanda lifti, akashuka, akapanda, wageni wakamzoea. Ila Unaisi aliona kwamba kila mlango ukifunguka, mtoto alisogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu aingie.

"Unampisha nani?" alimwuliza siku ya pili.

"Yule uliyemwita, mama." Emosi alishusha sauti. "Jana hakuwa na uso. Leo anao. Mbona amechukua wangu?"

Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, Sevanaia na Laisani wako chini kwenye bwawa. Emosi akachukua taulo awafuate. Mama yake akamsindikiza kwa macho hadi kwenye lifti, mlango ukajifunga, naye akakimbilia simu ya chumbani kumaliza jambo lile mara moja.

"Nimesema watoto wangu ni wawili. Mfute huyo wa tatu."

"Sawa, mama," alisema msichana wa mapokezi. "Hapa nina Laisani, nina Emosi, halafu nina Emosi. Nimfute yupi?"

"Futa Emosi mmoja, abaki mmoja."

"Wa kwanza au wa pili?"

"Dada, si jina ni lile lile? Futa yeyote." Alikuwa anapiga kelele sasa. "Yeyote, mradi wabaki wawili."

"Nimefuta."

Kengele ya lifti ikalia. Unaisi alitoka mbio akamkuta Emosi anatoka, anatabasamu, nywele zinachuruzika maji ingawa bwawani hakuwa amefika, na alipomshika mkono kwa furaha ya kumpata, kidole chake kilipapasa lile gumba, kikapapasa tena, kikatafuta kovu la mbuzi ya nazi upande huu na upande ule, na gumba lilikuwa laini, baridi, jipya kama la mtoto wa siku moja, na nyuma ya mtoto huyo mlango ulikuwa unajifunga taratibu, na humo ndani viganja vidogo vilikuwa vinaupiga, na sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe ilikuwa inaita mama, mama, ikishuka nayo lifti, ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, mpaka ikanyamaza.

Alishuka ngazi akianguka. Chini, lifti ilifunguka tupu. Aliwaita walinzi, akataka waing'oe sakafu, Sevanaia akaja akiwa amembeba mabegani yule yule aliyemwacha ghorofani.

"Unaisi, unamtafuta nani? Huyu hapa."

Laisani alimtazama ndugu yake mara moja tu, akahamia upande wa pili wa mama yake. Likizo ikaendelea. Walikwenda sinema.

Walipofika nyumbani, Bibi Ateca alilishika lile gumba, akaliachia, akajifuta mkono kwenye sketi. Hakusema nilikwambia. Alisema, "Mdomo ulioita ndio utakaoita tena. Mtoto wetu akipita, aingie tu, akae. Asijibu."

Jioni wakakaa mkekani, mlango wazi. Na kweli, jua lilipokuwa linazama, mtoto akatokea njiani, mdogo, taulo la hoteli begani. Unaisi alimwona wazi. Akafungua kinywa, "Emosi," na yule aliyekaa mkekani akaitika, "Naam, mama." Jina lilikuwa limeshapata mwenyewe. Akainuka kukimbilia nje, njia ikawa tupu. Alipokaa, mtoto akarudi palepale. Alibakiwa na maneno mawili tu, yale yale. Akayasema huku analia, taratibu, ayasikie vizuri.

"Njoo ule."

Mtoto alisita. Aliliangalia bakuli la samaki kwa njaa ambayo Unaisi aliiona toka mkekani, akapiga hatua moja mbele. Kisha akakumbuka. Akajishika mkono pale alipofinywa, akainamisha kichwa.

"Ahsante, mama," alisema. "Kuleni."

Akapita. Kila jioni anaitwa, na kila jioni anajibu hivyo hivyo, hajakosea hata mara moja, na sauti inazidi kuwa mbali. Sevanaia hasikii kitu. Bibi anageukia ukuta.

"Ana adabu sana yule," alisema mtoto wa mkekani jioni moja, mafuta ya tui yakimtiririka kidevuni. "Nani alimfundisha?" Akasogeza sahani yake mbele, na Unaisi akampakulia.