Abiria Aliyekuja na Injini

Nilikuwa nimeshafunga kisanduku changu cha vifaa pale shemeji aliponipigia simu. Mimi ni fundi umeme wa magari. Yeye, mdogo wa mume wangu, ni fundi injini, na watu humwita Spana kwa sababu ni mrefu, mwembamba na mgumu. Huwa hanipigii mpaka maji yamfike shingoni.

Alikuwa amebadilisha injini ya gari la mkunga, kazi ya siku tatu, na sasa haiwaki. Stata inazungusha, injini haishiki. Na mkunga ameitwa: kuna msichana ng'ambo ya vilima, uzazi wake wa kwanza, uchungu umemshika tangu asubuhi, na njia ile magari ya kukodi hayaendi.

Yule mkunga ndiye aliyenizalisha wanangu wote wawili. Nikafungua tena kisanduku, nikaondoka.

Nilimkuta shemeji uani kwa mkunga, amepakaa grisi mpaka kwenye nyusi. Jua lilikuwa linazama. Mkunga mwenyewe alitoka mara moja tu, begi lake la kazi mkononi, nikamwamkia, akaitikia bila kuuliza habari za nyumbani. Mtu wa adabu kama yule. Nikajua saa zimembana.

Nikaanza kama ninavyoanza siku zote. Betri ilikuwa na nguvu. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao nusu ya mafundi huusahau wakibadilisha injini, ulikuwa umekazwa vizuri. Fyuzi zote nzima. Pampu ilivuma, mafuta yakafika. Nikachomoa plagi moja, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwambia shemeji azungushe.

Ngwe... ngwe... ngwe...

Hakuna cheche.

Nikainama zaidi nisikilize. Katikati ya ngwe na ngwe kulikuwa na sauti nyingine. Ya chini. Ya mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyobanwa.

Nikamwashiria aache. Stata ikanyamaza.

Ile pumzi ikaendelea kidogo, kisha nayo ikakatika.

"Uko na nani humo ndani?" nilimuuliza.

"Niko peke yangu, shemeji."

Nilijiambia ni upepo kwenye mabomba. Fundi akianza kuogopa sauti, atafute kazi ya kushona vitambaa. Nikapima sensa ya kreki, ile inayoiambia injini lini itoe cheche, nikaikuta nzima. Basi ujumbe wake ulikuwa unapotea njiani. Nikaufuata waya wake kwa vidole, nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki.

Vidole vikakutana na uvimbe.

Ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, nadhifu kuliko ninavyozungusha mimi. Nikaukata kwa wembe. Harufu iliyotoka haikuwa ya mafuta wala ya mpira ulioungua. Ilikuwa harufu ya chumba cha uzazi. Aliyewahi kuzaa haisahau.

Ndani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kufuli dogo, limefungwa. Waya wa sensa ulikuwa umepitishwa kwenye pete ya kufuli, nalo likautafuna mpaka ukakatika. Uzi mwekundu ulizunguka kufuli lile mara nyingi, ukaishia kwenye fundo.

Shemeji alishuka kwenye gari, akalitazama, akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia aseme anachokijua.

Akasema kwa shida. Aliyemuuzia injini ile alimwambia ilitoka kwenye gari la kukodi. Gari lilizimika njiani jioni moja, mjamzito akiwa kiti cha nyuma. Dereva akakimbia kutafuta msaada. Aliporudi, mama na mtoto, mmoja ndani ya mwingine, walikuwa wameshatulia. Gari lile halikuwaka tena. Lakini walipoing'oa injini na kuiweka chini, ikawaka mara moja, waya zake zikiwa zile zile.

Waya uliokatika haupitishi umeme, injini iwe chini au juu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Hatukusikia mkunga akitoka. Alisimama nyuma yetu, akanyoosha mkono, nikampa kufuli. Hakuliangalia. Aliangalia fundo. Kidole chake kikalifuata lilivyokwenda, mbele mara mbili, kisha nyuma.

"Hili ni fundo la kufungia kitovu," alisema polepole.

Nikamuuliza kama wakunga wote hufunga hivyo. Akatikisa kichwa. Akasema ni mtu mmoja tu aliyemwona akifunga hivyo, naye ndiye aliyemfundisha kazi, ameshakufa. Usiku mmoja, miaka ya nyuma, walikesha pamoja, maji ya moto tayari, wakimngoja mjamzito aliyekuwa njiani. Hakufika. Yeye alilia, mwalimu wake akanywa chai.

"Yule mjamzito alikuwa mkwe wake," akasema. "Mke wa mwanawe."



Simu yake ikalia. Alisikiliza, akajibu kwamba anakuja, wasimwache msichana alale chali. Nikamwambia anipe dakika kumi niunge waya mpya. Shemeji akaninong'oneza nisiguse kitu, tutafute mtu wa mambo hayo. Nilikuwa nachubua waya wakati gari lilipoinama.

Upande wa nyuma. Taratibu, kama mtu mzito anavyoketi.

Sote watatu tuliona.

Kisha kutoka ndani, ambako hapakuwa na mtu, ikaja sauti ya mwanamke aliyechoka sana.

"Tumefika?"

Shemeji alikimbia, na simlaumu. Mimi miguu ilikataa tu, vinginevyo ningempita. Lakini mkunga alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi pembeni ya kile nisichokiona.

"Bado, mwanangu," alisema, kwa sauti ile ile aliyonisemesha mimi siku zangu. "Pumua. Mimi nipo."

Akaanza kulifungua fundo. Kucha zikashindwa, akatumia meno. Uzi ulipolegea, kufuli likafunguka lenyewe.

Tak.

"Washa," akaniambia.

Nikamjibu kwamba sijaunga waya.

"Washa, mwanangu."

Nikashusha boneti, nikaketi kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja. Ikanguruma laini, kama haijawahi kugoma maishani mwake.

Sikumbuki vilima vile nilivipandaje. Nakumbuka pumzi za watu wawili nyuma yangu, na mkunga akihesabu. Tulipofika, wanawake walitoka na taa wakampokea. Mlango wake ukafunguka, akashuka. Mlango wa upande wa pili nao ukafunguka.

Nilibaki kwenye gari, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Ikapita nusu saa. Kisha mtoto akalia ndani ya nyumba, kilio kizuri, kikali. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu akalia wa pili.

Mkunga alipotoka nikamwambia hongera, mapacha si mchezo.

"Amezaa mmoja," alisema. "Wa kiume. Mama na mtoto wazima."

"Nimesikia vilio viwili."

"Na mimi."

Hakurudi kiti cha nyuma. Alikuja mbele, akaketi kando yangu, akaweka begi mapajani. Aliuacha mlango wa nyuma wazi kitambo, kama anayengoja mtu, kisha ukajifunga polepole. Nikageuza gari. Tukashuka vilima, na kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyozidi kuisikia. Sauti ndogo, yenye unyevu, inayokwenda na kukatika, inayokwenda na kukatika.

Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye kioo cha ndani.

Mkunga akaushika, akaushusha.

"Usitazame," alinong'ona. "Mwache anyonyeshe."